KILA MTU NA SEHEMU YAKE YA UKUTA

Somo juu ya kazi ya watu wote katika kuzuia ugonjwa wa sida

Kabla ya kusoma somo hili, fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 2 na ya 3.

Mtu akivunjika mguu, jamaa zake humchukua kwa kipoyi mpaka hospitali. Mganga huunyosha mfupa na kuufunga, na baada ya majuma kadha mtu huyo hutembea tena. Hapana lazima ya kuwakusanya watu wa kijiji kizima kwa ajili ya mguu mmoja.

Lakini kisima cha kijiji kikichafuka, mambo ni mengine. Mganga aweza kugawa dawa ya kuhara asubuhi na jioni, na watu watazidi kuhara tu. Ugonjwa hautakoma mpaka wanakijiji wenyewe wapatane: huyu alete mawe, yule achimbe mfereji, wamama waseme mahali pa kufulia nguo ni wapi, na watoto wafundishwe wasichezee maji ya kunywa. Mmoja akikataa, kazi ya wote yaharibika.

Sida ni kama kisima, si kama mguu. Katika somo hili tutatazama jinsi watu wa nchi tatu walivyoamka pamoja kuizuia, yaani Uganda, India na Zambia. Kisha tutajiuliza sisi wenyewe, watu wa kanisa na wagonjwa wa hospitali, ni sehemu gani ya kazi iliyo mbele ya mlango wetu.

1. TUUKUMBUKE UGONJWA WENYEWE

Sida, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita UKIMWI, yaletwa na virusi, kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Chaingia mwilini kwa njia tatu: kwa kulala na mtu aliye nacho pasipo kinga, kwa damu, kama vile sindano au wembe uliotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama hata mtoto wake wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha. Hakiingii kwa kusalimiana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kukaa benchi moja kanisani, wala kwa kuumwa na mbu.

Dawa ya kukiondoa kabisa mwilini haijapatikana kwa watu wote. Lakini viko vidonge vya kukizuia kisizidi. Mtu anayevimeza kila siku bila kukosa aweza kuishi miaka mingi, kulima shamba lake na kulea watoto wake. Tena, vidonge vikikishusha kijidudu hata kisionekane tena katika kupima, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Na mama mwenye mimba akipimwa mapema na kumeza vidonge vyema, mtoto wake karibu sikuzote huzaliwa mzima.

Sisi watu wa Kongo si wageni wa ugonjwa huu. Damu ya zamani kuliko zote iliyojulikana kuwa na virusi vya sida ilichukuliwa mwaka wa 1959 katika mji ambao leo waitwa Kinshasa. Uchunguzi wa nchi nzima wa miaka ya 2013 na 2014 ulionyesha kwamba mtu 1 hivi katika 100, wa umri wa miaka 15 mpaka 49, alikuwa navyo. Wengine wakisikia hesabu hii husema, “Ni kidogo, haituhusu.” Walakini katika nchi kubwa kama yetu hesabu hiyo ni mamia ya maelfu ya watu, na kila mmoja wao ni baba, mama au mtoto wa mtu.

2. KWA NINI TANGAZO PEKE YAKE HALITOSHI

Zamani, ugonjwa huu ulipoanza kujulikana, katika nchi nyingi walibandika ukutani picha za mafuvu na majeneza. Chini yake waliandika maneno ya kutisha. Watu walitazama, wakaogopa, wakaenda zao. Je, ugonjwa ulipungua kwa hofu ile? La. Mtu mwenye hofu hujificha. Hataki kupimwa, kwa maana aogopa jibu. Akipimwa, hamwambii mke wake. Akipewa vidonge, huvificha katika mfuko wa unga, na siku mgeni akikaa nyumbani havimezi. Hivyo mahali penye hofu nyingi sida hustawi kama mbu katika maji yaliyosimama.

Tena kujua si sawasawa na kuweza. Mwanamke aweza kujua yote tuliyoandika juu, lakini kama mume wake humpiga akitaja habari ya kupimwa, elimu yake itamsaidia nini? Kijana aweza kujua, lakini kama rafiki zake wote humcheka, atafanya kama wanavyofanya wao.

Kwa hiyo kazi si kuwaambia watu tu. Ni kuwaamsha watu wapatane, wabadilishe pamoja desturi zinazowaponza, na kila mmoja ashike sehemu yake.

Ndivyo alivyofanya Nehemia. Hakuanza kwa hotuba. Kwanza alitoka usiku akauzunguka mji, akatazama mahali ukuta ulipobomoka. Kisha aliwaita wenyeji wenyewe, wala hakuleta wajenzi wa kulipwa kutoka mbali. Sura ya 3 yatuonyesha makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na mtu mmoja aliyejenga pamoja na binti zake. Wengi walijenga sehemu iliyokuwa karibu na nyumba zao. Mtu akijenga penye nyumba yake hajengi ovyo, kwa kuwa adui akipita hapo, wa kwanza kuumia ni watoto wake.

3. UGANDA: WALIPOACHA KUNYAMAZA

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kasensero, mahali pa wavuvi kando ya ziwa Nyanza katika wilaya ya Rakai, watu walianza kukonda na kufa. Wengine walisema ni uchawi wa wafanya biashara waliodhulumiwa mali. Ugonjwa wakauita “slim”, maana yake mwembamba.

Serikali nyingi za siku zile zilificha habari ya sida, zikiogopa aibu. Mwaka wa 1986 waziri wa afya wa Uganda alisema wazi mbele ya mkutano wa mataifa huko Geneva kwamba nchi yake ina ugonjwa huu na yataka msaada. Kisha habari ikapelekwa kwa ngoma ya hatari katika redio, kwa mabaraza ya vijiji, kwa shule, kwa makanisa na kwa misikiti. Watu waliambiwa kwa mfano wa wafugaji: ng'ombe aliyefungwa na kulishwa zizini mwake haendi kula majani ya kila shamba. Kila mtu alielewa, hata mzee asiyejua kusoma.

Lakini tusidhani kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi yote. Tazama watu wenyewe walivyoinuka.

Mwaka wa 1987 mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, alifiwa na mume wake kwa sida. Mume huyo aliambukizwa kwa damu aliyoongezewa baada ya ajali. Mama huyu aliona jinsi watu walivyowakimbia wagonjwa, hata hospitalini. Akakusanyika na wenzake wachache, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe. Wakanywa chai pamoja, wakalia pamoja, wakaanza kutembelea wagonjwa. Hicho ndicho chama cha TASO, kilichokuja kuwasaidia maelfu na maelfu ya watu. Mwaka ule ule hospitali ya misioni ya Kitovu, karibu na Masaka, ilianza kutuma wauguzi vijijini kuwauguza wagonjwa nyumbani mwao, pamoja na wanakijiji waliofundishwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1989 mwimbaji Philly Lutaaya, ambaye sauti yake ilijulikana katika kila nyumba, alitangaza kwamba ana sida. Watu wengine hawakumsadiki. Alizunguka shuleni na makanisani akisema na vijana mpaka nguvu zikamwishia, akafa mwezi wa Desemba mwaka ule. Baada ya Lutaaya, ugonjwa ulikuwa na uso na jina. Haukuwa tena habari ya watu wa mbali.

Viongozi wa dini nao waliamka. Mwaka wa 1992 waganga Waislamu wa Uganda walianza kuwafundisha maimamu, na maimamu wakaenda nyumba kwa nyumba kwa watu wao. Mwaka ule ule Gideon Byamugisha, kasisi wa kanisa la Anglikana, alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Ni neno gumu kwa mchungaji kusema. Askofu wake hakumfukuza, na wengi waliokuwa wamejificha wakapata moyo wa kujitokeza.

Matunda yake ni nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali kadha za miji ya Uganda, karibu wanawake 3 katika 10 wenye mimba waliopimwa walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu 1 katika 10. Lazima tuseme kweli yote: hesabu ilishuka pia kwa sababu wagonjwa wengi walikufa. Lakini wachunguzi waliona vilevile kwamba watu walikuwa wamebadili mwenendo. Vijana walikawia kuanza kulala na mwenzao, wenye wapenzi wengi walipunguza, na matumizi ya kondomu, ndiyo kapoti, yaliongezeka.

Na neno lingine la kweli: mtu akidhani ameshinda, hulala. Uchunguzi wa Uganda wa miaka ya 2004 na 2005 ulihesabu watu 6.4 katika 100 wenye virusi. Ule wa mwaka wa 2011 ulihesabu 7.3. Wengine waliongezeka kwa kuwa vidonge viliwaponya wasife, nalo ni jambo jema. Lakini maambukizo mapya nayo hayakukoma. Ukuta usiotunzwa hubomoka tena.

4. NYUMBA ISIYO NA AMANI

Kabla ya kuondoka Uganda, tuangalie kazi nyingine katika mji wa Kampala. Jina lake ni neno la Kiswahili: SASA! Ilianzishwa na chama cha Raising Voices, na tangu mwaka wa 2007 hata 2012 ilichunguzwa katika mitaa minane. Katika mitaa minne watu wa kawaida wa mtaa, wanaume kwa wanawake, walifundishwa kuzungumza na jirani zao juu ya jambo moja: nani ana nguvu nyumbani, naye aitumia namna gani? Walizungumza sokoni, penye kinyozi, penye bomba la maji, na kanisani pia. Hawakumnyoshea mtu kidole. Waliuliza maswali.

Kwa nini jambo hili lahusu sida? Kwa sababu mama anayepigwa hawezi kusema, “Twende tukapimwe.” Wala hawezi kukataa kulala na mume anayetoka penye wanawake wengine. Uchunguzi ulipokwisha, habari za wanawake kupigwa na waume zao zilikuwa karibu nusu tu ya zile za mitaa minne ambayo kazi haijaanza. Waliofanya hivyo hawakuwa polisi wala waganga. Ni jirani na jirani.

5. INDIA: WALIODHARAULIWA WAKAWA WALIMU

Msomaji aweza kuuliza, “Kwa nini kitabu cha hospitali ya misioni chataja habari za wanawake wanaouza miili yao?” Jibu ni hili: wanaume wanaowaendea hurudi kwa wake zao, na wengine wao huketi katika mabenchi yetu siku ya Jumapili. Ugonjwa hauulizi mtu ni wa kanisa gani.

Katika mji wa Kolkata, nchi ya India, kuna mtaa uitwao Sonagachi, wenye maelfu ya wanawake wa kazi hiyo. Mwaka wa 1992 mganga Smarajit Jana alitumwa huko kuzuia sida. Angaliweza kubandika picha za kutisha na kurudi ofisini. Yeye alikaa chini na wanawake wale akawasikiliza. Akachagua walimu kutoka miongoni mwao wenyewe, wakapewa mafundisho na kitambulisho cha kazi. Wakaenda mlango kwa mlango kwa wenzao.

Punde ikaonekana shida iliyo kubwa kuliko kukosa elimu. Mwanamke mmoja akimwambia mwanamume, “Tumia kapoti,” yule mwanamume huenda mlango wa pili, na mama huyu hulala njaa pamoja na watoto wake. Akiwa peke yake hawezi. Lakini wakipatana wote wa mtaa, yule mwanamume hana mlango wa pili wa kwenda. Hiyo ndiyo nguvu ya watu waliounganika. Hakuna sindano wala kidonge kinachoweza kuchukua mahali pake.

Vilevile waligundua kwamba wanawake wengi walifungwa na madeni. Mwaka wa 1995 wakaanzisha chama chao wenyewe, kiitwacho Durbar, na akiba ya pamoja ya kuweka na kukopesha fedha, ili wasitafunwe na wakopeshaji wa riba kubwa. Mwaka wa 1992 wachache mno, karibu 3 katika 100, walisema hutumia kapoti. Kabla ya mwaka wa 2000 waliotumia walikuwa wengi kuliko wasiotumia. Katika mji wa Mumbai siku zile sida ilikuwa imewapata nusu ya wanawake wa kazi hiyo. Sonagachi haikufika hapo hata kidogo.

Jambo lililofanyika katika mtaa mmoja, je, laweza kufanyika katika nchi nzima? Mwaka wa 2003 ilianza kazi kubwa iitwayo Avahan, kwa fedha za shirika la Bill na Melinda Gates, katika majimbo sita ya India. Maelfu ya walimu walichaguliwa kutoka kati ya watu wenyewe waliokuwa katika hatari. Wachunguzi walikadiria kwamba kati ya mwaka wa 2003 na 2008 watu karibu 100,000 waliepushwa na maambukizo. Baadaye kazi ilikabidhiwa serikali ya India. Tuone jambo hili vema: tangu siku za kwanza ilipangwa kwamba wenye fedha wataondoka, na wenye mji watabaki.

Hatusemi kwamba kazi ya wanawake wale ni njema. Twasema kwamba ni watu, na kwamba hakuna aliyejua kuzuia ugonjwa katika mtaa wao kuliko wao. Anayejua shimo liko wapi ni yule apitaye njia hiyo kila usiku.

6. ZAMBIA: WAWILI WAWILI, NYUMBA KWA NYUMBA

Sasa turudi karibu na mpaka wetu wa Katanga. Tangu mwaka wa 2013 hata 2018, katika miji 12 ya Zambia pamoja na 9 ya Afrika ya Kusini, palifanyika uchunguzi mkubwa ulioitwa PopART. Miji hiyo yote pamoja ilikuwa na watu karibu milioni moja. Katika sehemu nyingi kati ya hizo, wafanyakazi waliochaguliwa na kufundishwa walikwenda wawili wawili, wakabisha hodi katika kila nyumba. Walieleza, walipima waliokubali, na waliokuwa na virusi wakapelekwa kupata vidonge. Mwaka baada ya mwaka walirudi penye milango ile ile, mpaka watoto wakawajua kwa majina.

Mahali palipofanyika hivyo, maambukizo mapya yalipungua karibu 1 katika 5 kuliko mahali pasipofanyika. Hayakukoma. Kwa nini? Mojawapo ya sababu ni kwamba wamama walikuwa nyumbani, lakini wanaume walikuwa kazini na vijana walikuwa matembezini. Hao ndio waliokuwa wagumu kupatikana, ikalazimu kuwafuata jioni na mwisho wa juma. Palipo na sehemu ya ukuta isiyo na mjenzi, hapo ndipo adui apitapo.

7. MAMBO MATANO TULIYOJIFUNZA

La kwanza: tusikilize kabla ya kusema. Nehemia alitazama ukuta usiku. Mganga wa Kolkata alikaa chini na wanawake. Anayeanza kwa kulaumu hatajua ukuta umebomoka wapi.

La pili: wenye kuguswa na ugonjwa wawe wajenzi, wasiwe watazamaji. Mgonjwa wa sida si mzigo wa kanisa tu. Ndiye mwalimu ambaye watu watamsadiki kwanza. Lakini asilazimishwe kusimama mbele ya watu. Ajitoe kwa hiari yake.

La tatu: siri ilindwe. Mahali ambapo siri za watu husimuliwa sokoni, hakuna atakayekuja kupimwa. Mshauri mmoja mwenye ulimi mrefu aweza kubomoa kazi ya mwaka mzima.

La nne: ugonjwa una mizizi, na mizizi hiyo ni njaa, madeni, kipigo cha nyumbani na ukiwa. Kukata majani na kuiacha mizizi ni kazi ya bure.

La tano: kazi isitegemee mfuko wa mgeni. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilikatiza ghafula misaada yake mingi kwa nchi nyingine, na kazi za sida katika nchi nyingi za Afrika zikatikisika. Vidonge twahitaji kuvipata kutoka mbali, kweli. Lakini kumtembelea jirani, kumkumbusha mgonjwa siku ya dawa, kumsindikiza mama mwenye mimba mpaka santre ya afya, hayo hayanunuliwi kwa dola.

8. KAZI ILIYO MBELE YA MLANGO WETU

Haya ni mambo ambayo kanisa moja, hata dogo, laweza kuanza mwezi huu.

Wazee wa kanisa na wamama wakutane na mwuguzi wa santre ya afya, pamoja na wale wanakijiji waitwao reko, waliochaguliwa kusaidia kazi ya afya. Wagawane nyumba za kijiji au za avenyu, wawili kwa nyumba chache, wapate kuzijua vema.

Chama cha wamama kichukue jambo la wenye mimba. Kila mama mwenye mimba aende kupimwa mapema, na wawili wamsindikize. Mume wake aombwe kwenda naye, kwa maana baba akienda, mama haogopi.

Wababa nao wasikae wakitazama. Wazungumze wao kwa wao juu ya kumpiga mke, juu ya pombe, na juu ya nyumba ya pili iliyofichwa. Mwanamume humsikia mwanamume mwenzake.

Wachungaji wawe waangalifu katika mambo mawili. Kwanza, wachumba wakishauriwa kupimwa kabla ya arusi, ni shauri jema. Lakini jibu ni la hao wawili. Lisisomwe mbele ya wazee, wala lisitangazwe kanisani. Pili, mtu akiombewa, asiambiwe kamwe aache vidonge. Dua na dawa hazigombani. Mtu akiviacha vidonge, kijidudu hurudi na nguvu, na dawa ile ile yaweza kushindwa kumsaidia tena. Wako watoto waliobaki yatima kwa sababu mtu fulani alisema, “Umekwisha kupona, vitupe.”

Vijana waambiwe kweli yote kwa maneno ya wazi. Kujizuia mpaka ndoa ni kinga, na uaminifu wa wote wawili waliopimwa ni kinga. Na yule asiyefuata shauri hilo, asiachwe afe. Aambiwe kwamba kapoti humkinga, na kwamba siku hizi viko hata vidonge vya kumkinga mtu mzima aliye katika hatari kubwa. Aulize hospitali.

Na ninyi mnaosoma somo hili mkiwa katika kitanda cha hospitali, au mkingojea zamu katika baraza, msidhani kwamba hamna sehemu. Ukimeza vidonge vyako kila siku, umejenga mita moja ya ukuta. Ukimwambia rafiki mmoja kwa siri, “Mimi nilipimwa, nami naishi,” umejenga nyingine.

Katika habari ya Nehemia imeandikwa kwamba wakuu wa mji wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ile. Wengine wote walijenga, na ukuta ukamalizika katika siku 52. Ukuta wetu utachukua miaka mingi kuliko hiyo. Basi kila mmoja atazame mbele ya mlango wake, aone jiwe lililoanguka, aanze na hilo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Kwa nini hofu huongeza ugonjwa wa sida badala ya kuupunguza?

2. Ni nini kilichowawezesha wanawake wa Sonagachi pamoja, ambacho mmoja peke yake hakukiweza?

3. Katika kijiji au avenyu yetu, ni watu gani ambao hakuna mtu awaendeaye? Ni nani kati yao awezaye kuwa mwalimu wa wenzake?

4. Je, siri za wagonjwa zalindwa kanisani mwetu? Tufanye nini ili zilindwe zaidi?

5. Ni mama gani wenye mimba karibu nasi ambao hawajaenda kupimwa? Nani atawasindikiza juma hili?

6. Wababa wajadili peke yao: nguvu tuliyo nayo nyumbani, twaitumia namna gani?